Nani Alikutupa

Bibi yangu Mokami alinifukuza nyumbani kwake kabla sijazaliwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimeshika kalamu kumsifu. Wapo wajukuu wanaoandika habari za bibi zao na kila ukurasa unanukia maziwa. Wangu mimi alinuka samaki wa moshi na tope, na mpaka leo nikimkumbuka hasira hunipanda hadi masikioni. Lakini nimeuliza habari zake maisha yangu yote, kwa mama yangu na kwa kila aliyetoka kisiwani akiwa hai, na naamini namjua kuliko waliokula naye chungu kimoja.

Alizaliwa Rikonge. Rikonge ni kisiwa, ingawa ukimwambia mtu wa mjini kwamba kuna kisiwa huku kwetu kwenye ng'ombe na ulezi atakucheka. Mto Mara ukishuka kutoka upande wa Tarime hufika mahali ukachoka, ukajimwaga ovyo katika kinamasi kisichoonekana mwisho, mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani. Katikati ya mafunjo hayo pana mgongo wa ardhi ambao ukiuzunguka kwa miguu hutoki hata jasho. Miaka ya hamsini palikuwa na nyumba kumi na moja. Kutoka hapo hadi nchi kavu ya upande wa Nyansurura ilikuwa nusu ya asubuhi kwa mtumbwi, kama njia haijajifunga.

Na ilijifunga kila masika. Mafunjo yale huelea, na upepo ukigeuka kisiwa kiliamka kimezungukwa na ukuta. Wanawake ndio walioikata njia upya, wamesimama katika maji ya kifuani, panga mkononi, ruba wamewaganda mapajani. Watoto wadogo walifungwa kamba kiunoni na kamba ikafungwa kwenye nguzo ya nyumba mpaka wajue kuogelea, na aliyechelewa kujua alikua na alama yake. Ng'ombe hakuwapo hata mmoja. Anayeona hilo ni jambo dogo hajakaa na Wakurya. Pasipo na ng'ombe hapana mahari, na mwanamume asiye na mahari ni mpita njia tu. Wavulana wa Rikonge wakiota ndevu walikwenda Nyamongo kutafuta dhahabu, na wengi hawakuonekana tena. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alimwachia Mokami mtumbwi, upondo wa kuusukumia, na watoto wanne, na kati ya hao wanne maji na homa viliacha mmoja, mama yangu.

Watu hawa walitoka wapi? Walitupwa. Zamani, kabla ya Mjerumani, kwa ukoo mmoja wa pale ng'ambo, msichana aliyeshika mimba kabla ya tohara alihesabiwa mkosi. Mvua ikikatika ni yeye, ng'ombe akitoa mimba ni yeye. Hawakumuua, maana damu yake nayo ilikuwa mkosi. Walimpaka majivu usoni, na mama yake mzazi, si mtu mwingine, akampeleka hadi ukingoni mwa kinamasi akamwacha huko. Kazi iliyobaki waliachiwa mamba na njaa. Wa kwanza aliyekataa kufa aliitwa Wankuru. Alitambaa juu ya mafunjo siku mbili, akafika kwenye ule mgongo wa ardhi, akajifungua peke yake. Waliotupwa baada yake walimkuta pale na moto wake.

Wankuru hakuacha ngoma wala mkuki. Aliacha swali. Mtoto wa Rikonge akifika miaka saba aliingizwa majini hadi magotini, kisiwa kizima kikitazama, na mwanamke aliyekabidhiwa kazi hiyo akamuuliza kwa sauti: nani alikutupa? Mtoto alipaswa kumtaja yule mama aliyemtupa bibi yake, au bibi wa bibi yake, hata kama ni vizazi vinne nyuma, na kumtaja pamoja na jina la mama aliyemzaa huyo mtupaji, ili asichanganywe na mwingine. Kisha alitema mate majini kuelekea nchi kavu. Muulizaji akasema "Vizuri," na mtoto akahesabiwa mtu. Kwingine watoto hukaririshwa mababu. Sisi tulikaririshwa waliotufukuza, jina kwa jina, tusije tukawasahau na wao wakapumzika.

Mokami alimtaja Nyanokwe wa Gati, mama yake Wankuru. Wanasema mate yake yalikwenda mbali mpaka wazee wakacheka, na jambo hilo alijivunia hadi nywele zikaota mvi.

Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono mirefu, msusi wa migono, ile mitego ya kuvulia kamongo. Mdomo wa mgono wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba samaki aliyeingia hakupata hata nafasi ya kujuta. Mikeka pia alisuka, na ukingo wa mkeka wake aliupiga meno meusi, nyuzi alizozika kwenye tope siku nyingi mpaka zikakolea. Ukingo ule ulikuwa wake na wa binti yake, hakuna mwingine aliyethubutu kuuiga. Alicheka mara chache, hasa mtu akiteleza na kutumbukia majini na mzigo wake. Yule Muulizaji wa zamani alipokufa, watu walimpa Mokami kazi ya kuuliza. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina tu. Wakubwa wenzake walisimama alipopita, na kwa mtu asiye na ng'ombe wala mume wala mwana wa kiume, heshima hiyo ilikuwa mali yake yote.

Sasa, samaki peke yake hamlishi mtu. Kisiwa kilitoa mihogo kidogo, lakini ulezi ulitoka ng'ambo, na ulipatikana kwa mkataba wa zamani. Ukingoni upande wa Nyansurura palikuwa na jiwe bapa. Kila siku ya nne watu wa Rikonge waliweka juu yake samaki na migono, wakarudi kwenye mitumbwi na kugeuza migongo. Watu wa nchi kavu walikuja, wakachukua, wakaacha ulezi, wakaondoka. Ilikuwa mwiko kusema neno pale. Aliyesema alipoteza biashara ya siku hiyo yote, samaki na nafaka, hata kama alisema "aisee" kwa kukanyaga mwiba. Na mkeka haukuwekwa kwenye Jiwe kamwe. Mkeka ni malazi, na malazi ni ndoa, na mkataba ulisema damu ya kisiwani na damu ya ng'ambo zisikutane.

Msidhani ng'ambo kule walikuwa bado gizani. Walikuwa na kanisa la matope, walikuwa na karani wa kodi anayekuja na baiskeli, na mwalimu wa dini aliyeitwa Kornelio aliwafundisha nyimbo za upendo zenye sauti nne. Jumapili waliziimba vizuri sana. Jumatatu walituachia chakula juu ya jiwe kama mbwa. Kornelio mwenyewe aliwahi kuja Rikonge kwa mtumbwi, akitapika njia nzima, akabatiza watoto sita kwa haraka kabla jua halijawa kali. Mmoja wao alikuwa mama yangu, akaitwa Efrazia.

Mzee aliyeshika habari za Jiwe ng'ambo aliitwa Waitara. Alikuwa na ng'ombe wengi na wana watano, na kazi ya kubeba ulezi hadi Jiwe alimpa mwana wa mwisho, Marwa. Efrazia alikuwa na miaka kumi na minane wakati huo na ndiye aliyesukuma mtumbwi wa mama yake. Kwenye Jiwe hawakusemezana. Mwiko waliushika barabara. Walikwenda kusemezana nyuma ya mafunjo, hatua mia moja kutoka pale, na huko walisemezana sana.

Mwishoni mwa mwaka 1950 Efrazia alikuwa mjamzito, na mvua za mwaka uliofuata zilikuwa za kutisha. Maji yaliingia katika nyumba tatu. Migono ilizolewa, mihogo ikaoza ardhini. Mwezi wa nne watu walikuwa wanachemsha mizizi ya mafunjo, na ule ulezi wa kwenye Jiwe ndio uliowatenga watoto na kaburi.

Mokami aligundua siku alipomshika binti yake kiuno kumtoa mtumbwini.  Siku ya tatu alimfunga tumbo kwa kipande cha jamvi chini ya nguo na kumwambia asikohoe mbele ya watu. Kisha akaenda kwa Simioni, mgane kiwete wa nyumba ya mwisho, akamwomba akubali kwamba mimba ni yake. Simioni alitaka migono kumi. Mokami alianza kuisuka siku ile ile. Nalitaja hili kwa haki yake, maana baada ya hapa sitakuwa na jema la kumtajia. Alisuka migono saba, na vidole vyake vilitoka damu, na kwa siku zile alikuwa mama kama mama wengine.

Aliyeharibu ni mama yangu. Alikuwa ameshika mapenzi kwa mikono miwili, na mapenzi ya Rikonge yana adabu zake. Msichana wa kisiwani hajioni mke mpaka mwanamume amelalia mkeka aliousuka mwenyewe. Marwa alikuwa amemwahidi nyumba. Basi Efrazia alimsukia mkeka, akaupiga ule ukingo wa meno meusi, akampa nyuma ya mafunjo. Msichana mwingine yeyote wa Mara angempa shanga, na shanga zisingemsemea. Na yule bwege akautandika kwenye kibanda chake cha ujana, ambamo mama yake aliingia kufagia.

Siku ya Jiwe iliyofuata hapakuwa na ulezi. Juu ya jiwe palikuwa na mkeka umekatwa vipande viwili.

Watu wa Rikonge walirudi na samaki wao. Siku nne baadaye walikwenda tena wakakuta jiwe tupu, na siku hiyo mtoto wa jirani alikuwa ameanza kuvimba miguu. Mara ya tatu hapakuwa na nafaka, ila Waitara alikuwa amesimama mbali kidogo na Jiwe, mahali ambapo kusema kunaruhusiwa, akatoa neno lake. Alisema hana ugomvi na kisiwa. Anataka msusi wa mkeka ule atupwe, na atupwe na mama yake, kwa majivu, kama ilivyokuwa desturi.

Ni lazima nieleze kwa nini, maana mzee yule hakuwa mjinga. Msichana mwenye kwao anaweza kudai. Mama yake atakuja, wazee wa kwao watakuja, watakaa kwenye zizi la Waitara mpaka wajue mtoto ni wa nani na atarithi nini. Lakini aliyetupwa na mama yake hana wa kumsemea. Waitara alikwisha kumbana Marwa akajua ya mimba, na alitaka mimba ile isiwe na mdomo.

Watu wa kisiwa wakakutana uani kwa Mokami, asubuhi, mvua ikinyesha nyembamba. Mkubwa wa wanaume waliobaki aliitwa Nashoni, mzee aliyerudi kutoka Nyamongo bila meno na bila dhahabu. Simioni alikaa pembeni akiitazama ile migono saba. Wengi waliangalia miguu yao. Yule mama wa mtoto aliyevimba ndiye aliyelia, na alilia bila kumtazama Efrazia, kwa sababu walikuwa wamekua pamoja.

Nashoni alizungumza polepole. Alisema kisiwa hakiwezi kumshika mama mkono akamtupe mwanawe, kwa kuwa Wankuru angewalaani. Alisema pia kwamba kuna njia nyingine, na akamgeukia Mokami.

"Ukitaka, nenda naye," alisema. "Tutawapa mtumbwi. Lakini huko hutakuwa Muulizaji. Utakuwa mwanamke mwenye majivu, na hutarudi."

Hapo ndipo maisha ya bibi yangu yalipokaa, kwenye maneno hayo, na nataka msomaji ayaone jinsi ninavyoyaona mimi. Hakuwa na mtoto mwingine. Hakuwa na mume. Alikuwa na miaka arobaini na mikono inayoweza kulisha watu watatu popote penye maji. Kwenda naye kungetosha. Waitara angepata alichotaka, Rikonge ingepata ulezi, na mama yangu angekuwa na mtu wa kumshika mgongo wakati wa uchungu. Kitu pekee ambacho kingepotea ni kule watu kusimama anapopita.

 Mokami akasema, "Leteni majivu."

Alimpaka mwenyewe, paji la uso na mashavu yote mawili, akampakia mtumbwini. Njia ilikuwa imejifunga mahali pawili, ikabidi wote wawili washuke majini kukata mafunjo, mama na binti bega kwa bega, mmoja akimtupa mwenzake na mwenzake akimsaidia kazi. Mama yangu aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye, kwamba alishika panga akakata kwa bidii, kwa mazoea tu, na mara moja Mokami alimkumbusha aangalie vidole.

Walipofika ukingoni, mbali na Jiwe, Mokami aliegemea upondo ili mtumbwi usitikisike.

"Shuka," alisema.

Efrazia alishuka. Maji yalimfika magotini. Alishika ubavu wa mtumbwi na hakuuachia.

"Njoo, mama," alisema. "Nitakubebea mzigo."

"Sina mzigo."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Mokami alitikisa kichwa. Mama yangu anasema hakulia, hata jicho halikulowa, na ni bora angelia kwa sababu mtu anayelia unaweza kumdharau ukamaliza. Efrazia akauachia mtumbwi. Alitaka kumpata mahali penye kidonda, akapata.

"Huyu mtoto nitamfundisha jina lako," alisema.

Mokami alisukuma upondo. Mtumbwi ulipogeuka alijibu bila kuangalia nyuma, kwa ile sauti aliyowaulizia watoto wa watu.

"Mfundishe vizuri. Asikosee."

Siku nne baadaye ulezi ulikuwa juu ya Jiwe. Mtoto aliyevimba miguu alipona. Aliishi, akazaa, na mmoja wa wanawe aliwahi kuniuzia sukari. Sijui nimfurahie au nimchukie, na siku ile nilimlipa nikaondoka bila kungoja chenji.

Mama yangu alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Waitara, majivu usoni, kwa sababu Marwa alikuwa amemwahidi nyumba na yeye bado aliamini. Waitara alimpokea langoni. Alimuuliza swali moja tu, nani anakusemea, na Efrazia alipokosa wa kumtaja Waitara alisema basi hakuna kesi. Marwa alikuwa pale pale, anatengeneza miiba ya zizi. Hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika mwiba mmoja muda wote ule, akiuingiza na kuuchomoa.

Aliyemchukua ni Kornelio, au tuseme mkewe, Agustina. Watu walimsifu sana Agustina. Wageni wa kanisa walipokuja alimwita mama yangu asimame wamwone. Alimpa kulala katika kibanda cha mbuzi, na kibuyu cha kunywea maji alichokitundika nje, kwenye tawi, kisije kikachanganyika na vya ndani. Humo katika kibanda cha mbuzi nilizaliwa mwezi wa tisa, na mkunga wa mama yangu alikuwa ukuta alioushika. Agustina alinipa jina la Kezia. Mwaka huo huo Marwa alioa msichana wa Busawe kwa ng'ombe ishirini na nane. Kornelio aliibariki ndoa, na maji ya kupikia sherehe aliyachota mama yangu, mitungi kumi na miwili.

Kisha likaja jambo ambalo Waitara lazima alilicheka peke yake. Baada ya mambo ya Marwa, hakuna mzazi ng'ambo aliyetaka kijana wake akaribie Jiwe. Waitara akasema kuna mtu asiyeweza kuharibiwa zaidi. Akamwagiza Kornelio, na kuanzia mwaka 1952 kazi ya kubeba ulezi hadi Jiwe ikawa ya Efrazia.

Fikirini hilo. Kila siku ya nne Mokami alikuja na mtumbwi, akaweka samaki, akarudi kukaa na mgongo wake kwetu. Mama yangu alitoka kwenye kichaka, akachukua samaki, akaweka ulezi. Hatua ishirini kati yao, na hakuna neno. Mokami alijua mara ya kwanza tu, kwa sababu mfuko ulifungwa kwa fundo la Rikonge. Baada ya hapo kwenye kila biashara palikuwa na kipande kimoja pembeni, kimefungwa kwenye jani, sehemu ya tumbo la kamongo yenye mafuta, ambayo kisiwani hupewa mwanamke anayenyonyesha. Mama yangu alikichukua kila mara. Alitembea nacho hadi nyumbani kwa Agustina akawatupia mbwa. Tulikuwa tunalala na njaa, mimi na yeye, na mbwa wa mwalimu wa dini waling'aa manyoya. Niliwahi kulia nipewe. Alinipiga, na hakuwa mtu wa kupiga.

Usiku na mchana alinifundisha jina. Nilikuwa sijui kuhesabu hadi kumi lakini nilijua nani alinitupa.

Mwaka 1958 nilitimiza miaka saba. Siku ya Jiwe mama alinivalisha gauni la binti wa Agustina lililochanika kwapani, akanipaka mafuta miguuni, akanichukua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Niliona mwanamke mrefu ameketi katika mtumbwi, mgongo umepinda kidogo, kisogo cheupe kwa mvi. Samaki walikuwa wamekwisha kuwekwa, na kile kifurushi cha jani pembeni. Mama aliweka ulezi. Badala ya kuondoka alinishika mkono akaniingiza majini, mbali na Jiwe, mahali panaporuhusu kusema, lakini karibu vya kutosha kusikika mtumbwini. Maji yalikuwa baridi. Nakumbuka tope lilipenya kati ya vidole na nilitaka kucheka.

"Nani alikutupa?" mama aliuliza.

Niliona aibu. Nilisema "Mokami" kama mtu anayesema akiwa na ugali mdomoni, nikatema, na mate yakaniangukia kidevuni.

Mama alikuwa anajiandaa kuuliza tena. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilitoka mtumbwini, ule mtumbwi ulioegeshwa kwenye Jiwe lenyewe, na mgongo haukugeuka.

"Mokami wa nani?"

 Nilimtazama mama na mama alikuwa ametazama maji. Basi nikajibu nilivyofundishwa, kwa sauti ya kufika.

"Mokami wa Boke."

"Tema."

Nilitema. Safari hii niliyavuta kutoka kooni, na yalikwenda mbali, yakaangukia upande ule wa mtumbwi. Kisogo kile cheupe kiliinama mara moja.

"Vizuri," alisema.

Nilidhani sasa atageuka. Nilikuwa mtoto, nilimngoja ageuke anione jinsi nilivyopakwa mafuta. Mama aliniachia mkono, akapanda hadi kwenye Jiwe, akaunyanyua mfuko wa ulezi aliokuwa ameuweka na kujitwisha kichwani. Akakusanya na samaki wote. Kile kifurushi cha jani alikichukua pia. Mwanamke wa mtumbwini alisikia kila kitu kikiondolewa na hakupinga, alishika upondo wake na kusukuma.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini amerudisha ulezi, na wale watu wa kisiwani watakula nini.

"Amesema kwenye Jiwe," alinijibu.

Ulezi ule hatukumpelekea Waitara. Mama aliusaga, akaupika nyuma ya kibanda cha mbuzi, na kwa mara ya kwanza akafungua lile jani na kunipa kipande cha kamongo chenye mafuta. Alinitazama nikila. Nilikula nikashiba, nikalamba na jani.